Leo Linajiendesha Lenyewe

Mama mkwe wangu, Bibi Qamara, hana ugomvi na magari. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wakisikia habari hii hudhani nasimulia kuhusu bibi anayeogopa chuma. Bibi huyu amepanda lori la ng'ombe hadi Mbulu. Amepanda trekta, amepanda ambulensi, na mwaka fulani alipewa lifti kwenye gari la watalii lenye paa la kufunguka, akarudi akisifia viti wiki nzima. Gari ambalo hakuwa amelipanda katika wilaya yote ya Karatu lilikuwa moja tu, nalo ni langu.

Sababu yake kila mtu anaijua kijijini kwetu huku juu, karibu na msitu. Mimi ni Mnyaturu wa kuzaliwa kambini. Wazazi wangu walitoka Singida kuja kuchuma kahawa kwenye mashamba makubwa ya Oldeani, na mimi nikajua kuendesha trekta kabla sijajua kusonga ugali usio na madonge. Vedasto, mwana pekee wa kiume wa Bibi Qamara, alinipenda hivyo hivyo na madonge yangu, akanioa. Mama yake alinipokea kwa adabu, sina la kusema. Lakini siku niliyoleta gari nyumbani, Landkruza ya mizigo, ya dizeli, mimi nimeshika usukani na mume wangu kakaa upande wa abiria kapakata jogoo, Bibi Qamara alisimama mlangoni, majirani wote wanasikia, akaapa kwamba gari analoendesha huyu hatalipanda mpaka anaingia kaburini.

Majirani walicheka. Mimi sikucheka. Tangu siku hiyo aliniita "dereva", si Laurencia wala mama Sifa, na akiwa na safari ya mjini alinipita na fimbo yake, gari langu linanguruma uani, akaenda kusubiri lifti ya mtu mwingine barabarani. Iliniuma, sitasema uongo. Mtu akikuchukia kwa jeuri yako unaelewa. Akikuchukia kwa kazi unayoiweza, ufanye nini, uisahau?

Basi ikafika Jumamosi ya harusi ya Sifa, binti yangu wa kwanza. Sifa alilala kitanda kimoja na bibi yake mpaka alipokwenda sekondari, na kichwa chake ni cha bibi yake, kigumu vile vile. Alimwambia padri waziwazi kwamba bila Ama, ndivyo wajukuu wanavyomwita bibi kwa Kiiraqw, yeye haingii kanisani. Padri akadhani ni mzaha. Mimi niliyemzaa nilijua si mzaha.

Misa ilikuwa saa nne, Karatu mjini. Mpango ulikuwa mzuri. Bibi harusi na baba yake walilala mjini kwa shangazi. Wapishi na majirani waliondoka alfajiri na basi dogo la kukodi. Noel, mpwa wa mume wangu anayefanya kazi Arusha, angekuja asubuhi na gari lake kumchukua Bibi, na mimi ningefuata nyuma na kreti za soda, kila mtu kwenye gari lake, kiapo cha mtu salama.

Noel akafika kwa miguu. Suti yake ilikuwa ya buluu kuanzia magotini kwenda juu na ya udongo kuanzia magotini kwenda chini. Mvua ya usiku ilikuwa imelainisha korongo, na gari lake dogo lilikuwa limelala ndani ya tope mpaka milangoni. Bibi Qamara, amekwisha vaa gauni lake jeupe na kilemba, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniangalia mimi, akaliangalia gari langu, akamgeukia Noel na kumwambia aendeshe yeye.

Noel akampandisha Bibi, nami nikampa ufunguo. Nilijua kitakachotokea, na nakiri nilikisubiri kwa hamu. Noel ni kijana mzuri, ila ni wa otomatiki. Kwake yeye gari ni kitu unachokiachia breki kikaondoka. Mguu wake wa kushoto tangu azaliwe haujawahi kutumwa kazi ndani ya gari. Nilimwambia klachi si swichi ya taa, huachii yote mara moja. Unaipandisha taratibu mpaka uhisi gari linataka kwenda, hapo unaisubiri kidogo, ndipo unaachia. Akaitikia. Akaachia yote mara moja. Gari likaruka kama mbuzi, likazima. Mara ya pili akaogopa kuzima, akakanyaga mafuta yote na klachi akaishikilia nusu, injini ikalia na harufu ya klachi kuungua ikafika jikoni. Mara ya tatu kreti za soda zikagongana nyuma na kilemba cha Bibi kikamshuka hadi puani.

Bibi Qamara akafungua mlango, akashuka mwenyewe. Akasema anakwenda kwa miguu.

Ana nyonga mbovu. Kutoka kwetu hadi barabara ya lami ni mwendo wa kuchosha hata mtu mwenye nyonga mbili nzima, na kutoka hapo hadi kanisani bado ni mbali. Akashika njia na fimbo yake, gauni amelishika kwa mkono mwingine lisiguse tope, hatua moja, anapumzika, hatua nyingine. Noel akamfuata akimwomba radhi. Simu yangu ikaita. Sifa aliuliza tumefika wapi, nikamwambia tuko njiani, kwa kuwa mtu mmoja wetu kweli alikuwa njiani. Nilisimama pale nikimtazama yule mama anavyochechemea na hasira ikanipanda, huruma nayo ikanipanda.

Ndipo nikakumbuka ngwara.

Ngwara ni yale maharage yetu meusi ya Karatu, na sisi huku tuna namna yetu ya kuyakusanya shambani. Mafundi huita mngurumo wa injini isiyokanyagwa mafuta "sailensi". Neno la ajabu, maana kwa Kiingereza ni kimya, na kimya hakuna hapo. Injini iko macho na inapumua. Sasa dizeli ya zamani kama yangu, ukiiweka gia nzito, ile namba moja ya chini kabisa ya kutokea topeni, halafu ukaondoa miguu yote, haizimi. Inatembea. Ikikuta kijimlima inajiongezea mafuta kidogo yenyewe, ikikuta mteremko injini inalishika gari lisikimbie. Usijaribu kwenye namba tatu. Huko litatetemeka kama mwenye homa na kuzima. Lakini kwenye gia nzito linakwenda mwendo wa mtu aliyeshiba. Kwa hiyo msimu wa ngwara naliweka kwenye mstari, nashuka, linajiendea lenyewe katikati ya shamba, na sote tunatembea kandokando tukirusha mafungu ndani. Bibi Qamara mwenyewe hurusha. Msimu mmoja alisema mbele ya vibarua kwamba gari lina adabu kuliko mwenyewe.

Nikaingia ndani ya gari, nikamfuata mpaka nikampita, nikasimama mbele yake. Nikazima. Nikaweka gia nzito, nikashuka, nikafunga mlango, nikasimama nje kwenye dirisha la dereva.

"Mama," nikamwambia, "uliapa hutapanda gari ninaloendesha mimi. Leo siendeshi. Leo linajiendesha lenyewe."

Akaegemea fimbo. Bibi Qamara hadanganyiki kirahisi, na kiapo kwake si mchezo. Alilizunguka gari zima. Akaangalia kiti cha dereva kilivyo kitupu.

"Mguu wako utakuwa wapi?"

"Ardhini, Mama. Yote miwili."

"Na mkono?"

"Mmoja utapita dirishani kushika usukani, tusiingie mtaroni."

Akafikiri. Akasema mkono hauendeshi, mkono unachunga, na kuchunga hakukuwamo kwenye kiapo. Noel akambeba kumpandisha upande wa abiria, kisha nikamtuma Noel atangulie mbele afukuze mbuzi na kuku. Nikapenyeza mkono dirishani, nikageuza ufunguo. Gari lililo kwenye gia ukilipiga stata bila klachi hujivuta lenyewe hatua mbili tatu kabla injini haijashika, na langu lilijivuta, likakohoa, likashika. Tukaondoka, Bibi Qamara kakaa wima kama mkuu wa wilaya, na mimi natembea kando na viatu vyangu vya harusi.

Hatukuwa na mwendo wa kuringia. Bibi wa jirani anayeenda kuteka maji alitupita. Lakini nikaona kitu ambacho sikukitarajia: mama mkwe wangu alikuwa anafurahi. Alishusha kioo akawa anasalimia kila mlango, na kila mlango ulimjibu. Kwenye magari mengine, akaniambia, mtu anasalimia na jibu linabaki nyuma kwenye vumbi. Huku anauliza habari za nyumbani, anaambiwa ng'ombe kazaa, anauliza dume au jike, na bado anajibiwa kabla hajapita.

Mbele kidogo tukakutana na wafugaji wa Kimaasai waliokuwa wakishusha ng'ombe kutoka Nainokanoka kwenda mnadani. Ng'ombe wakatupita upande huu na upande huu, na mzee mmoja mwenye shuka nyekundu akapunguza hatua akatembea sambamba na mimi. Alidhani gari limeharibika na mimi nalisukuma kwa mkono mmoja, akanionea huruma. Nilipomweleza kwamba linatembea lenyewe alicheka mpaka akashika goti, kisha akamuuliza Bibi Qamara linakula nini na kama atalifikisha mnadani, maana limefundishwa vizuri.

"Haliuzwi," Bibi akamjibu. "Ni la ukoo."

Nilijifanya sikusikia. Nikashika usukani vizuri zaidi.

Ng'ombe walipoisha, tukabaki sisi wawili na injini. Hatukuwa tumewahi kuwa hivyo, yeye na mimi, bila mtu katikati na bila sababu ya kuondoka. Nyumbani akiingia jikoni mimi natoka. Hapa gari halikuweza kwenda kasi kuliko mimi, na mimi sikuweza kuliacha. Akaanza kusema akiangalia mbele, kama anayeongea na kioo.

Akasema siku ile nilipoleta gari, hakuniona mimi kwanza. Alimwona mwanawe amekaa upande wa abiria na jogoo mapajani. "Nikasema, huyu ameolewa."

Nikacheka. Sikuweza kujizuia. Naye midomo ikamcheza. Akaendelea kwamba majirani walimwangalia kuona atasema nini, na maneno yakatoka, na yalipotoka yakawa kiapo. Kesho yake tu alitamani kwenda mnadani nami. Lakini kutoa kiapo ni rahisi. Kukirudisha mdomoni mbele ya watu wale wale waliocheka, hilo ndilo gumu. Kwa hiyo akawa ananipita uani na fimbo, akisikia gari linanguruma, na kila safari akikasirika. Nikamuuliza alikuwa anamkasirikia nani. Akasema wakati mwingine mimi, wakati mwingine jogoo.

Miaka yote ile nilikuwa najiandalia maneno ya kumjibu siku akinieleza. Nilikuwa nayo mengi, mengine makali. Yote yakanipotea. Nilichoweza kumwambia ni kwamba hata mimi niliumia, Mama, sana. Akasema anajua.

Korongoni nikavua viatu nikavitupia ndani. Gari la Noel lilikuwa limejilaza pale katikati, tope hadi vitasa, na mwenyewe alilipita bila kulitazama. Hapo ndipo gia nzito inapolipa. Ukikanyaga mafuta kwenye tope matairi yanachimba, unazama kama Noel. Ukiliacha kwenye sailensi linanyata. Lilinyata. Mimi nilizama hadi kwenye ugoko, gauni langu la zambarau likawa la rangi mbili, nikamsikia Bibi Qamara ndani akilihimiza kwa Kiiraqw, maneno yale yale anayowaambia ng'ombe wake wakikataa kuvuka. Tukatoka upande wa pili. Nilitaka kupiga vigelegele, ila nilikuwa sina pumzi.

Kisha tukafika kwenye lami.

Nilikuwa nimelifikiria jambo hili njia nzima na sikuwa nimepata jibu. Gari lisilo na dereva linaweza kukatiza shamba la ngwara. Haliwezi kukatiza barabara ya Ngorongoro asubuhi ya Jumamosi, magari ya watalii yanashuka kutoka geti la Lodoare moja nyuma ya jingine na malori ya mchanga yanapanda. Na hata tukikatiza, bado kuna mwendo hadi mjini, na kwa hatua za mtu aliyeshiba tungefika wakati keki imekwisha liwa. Tena gari lililo kwenye gia halisimami kwa kuombwa. Nikapenyeza mkono nikazima ufunguo. Likatikisika, likasimama, pua yake inakaribia kugusa lami.

Hapo ndipo nilipojua sailensi ya mafundi si kimya. Kimya kilikuwa hiki. Noel, aliyeelewa, akapanda nyuma kwenye kreti na kuanza kutazama milima.

Simu ikaita kwenye dashibodi. Bibi Qamara akaipokea yeye. Sauti ya Sifa ilitoka mpaka nje, analia na huku amepakwa poda. Watu wameshaingia, padri amevaa, yeye amesimama mlangoni, Ama uko wapi. Bibi akamwambia asimame hapo hapo asilie, rangi itamchuruzika. Akamwambia, "Niko na mama yako." Akakata.

Magari mawili yakapita. Akanitazama, mimi na tope langu, nimesimama dirishani.

"Ingia."

Sikuingia. Najijua, nina kiburi, na nilitaka kusikia. Nikamuuliza kiapo je.

"Kiapo kilikuwa cha gari la mtu wa kambini," akasema. "Hili ni gari la mwanangu."

Maneno yale yakanichoma. Hata leo, nikasema moyoni, hata leo gari ni la Vedasto. Nikamuuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri, Vedasto ndiye aliyelinunua?

"Vedasto hata kulirudisha nyuma hawezi. Nimesema mwanangu. Ingia, jua linapanda."

Nikazunguka nyuma ya gari, kwa sababu nilihitaji kulizunguka. Noel akanipa kitambaa chake bila kunitazama. Nikafuta uso, nikaingia, nikakaa kwenye kiti changu mwenyewe na tope langu, na mama mkwe wangu pembeni. Nikatoa gia nzito, nikaweka nyepesi. Nikawasha. Nikaweka namba moja, nikapandisha klachi, na mguu wangu, huu mguu uliolelewa na matrekta, ukasahau kazi yake. Klachi ikaponyoka. Gari likaruka, kreti zikagongana, likazima.

Noel nyuma alikohoa. Ningemshusha, lakini hapakuwa na muda.

Bibi Qamara akarekebisha kilemba. "Lilipokuwa peke yake halikuzima," akasema.

Nikawasha tena. Mara hii niliusubiri ule wakati gari linapotaka kwenda lenyewe, nikalipa ruhusa, likaingia lamini taratibu bila hata kutikisa chupa. Nikaweka ya pili. Milima ikaanza kurudi nyuma. Bibi akashika mpini wa juu ya mlango kwa mkono mmoja, mkono wa pili akauweka juu ya goti langu, juu ya tope, na akauacha hapo.

Akaniuliza hii ni gia ya ngapi. Nikamwambia ya tatu.

"Na mtoto kasimama mlangoni?"

"Kasimama, Mama."

"Basi weka ya nne."